Tunawafundisha wanafunzi wetu kueleza mwili wa nani?

Miaka michache iliyopita mzee mmoja, jirani yetu wa siku nyingi, alipotea mjini Machakos. Umri ulikuwa umeanza kumnyang'anya kumbukumbu, na asubuhi hiyo alitoka nyumbani kama aendaye kununua ugoro, asirudi. Jioni ilipoingia, familia ilimpa mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu aliyesifika kwa Kiingereza chake, kazi ya kuandika tangazo. Aliliandika vizuri, pasipo kosa hata moja la sarufi. Alisema kwamba babu yake ni mrefu, mwembamba, mweusi, mwenye mvi, na kwamba siku hiyo alikuwa amevaa koti. Nakala zilibandikwa katika nguzo za stima toka kituo cha mabasi hadi sokoni.

Siku mbili zikapita. Watu walilisoma tangazo, wakatikisa vichwa kwa huruma, wakashika njia zao. Maana wazee warefu, wembamba, weusi, wenye mvi na makoti mjini Machakos ni wengi kama mawe ya vilima vya Iveti. Siku ya tatu nyanya, ambaye hakujua kusoma, aliuliza karatasi ile ilisema nini. Alipofasiriwa alitikisa kichwa. "Huyo si mume wangu," alisema. "Waambieni watu watafute mzee anayetembea mikono ameifunga nyuma, mguu wa kushoto akiuburura kidogo, kichwa amekiinamisha kama mtu aliyeangusha sindano. Na akisimama, sharti aegemee kitu." Maneno hayo yalipelekwa kwa vijana wa bodaboda. Kabla ya jua kutua mmoja wao alipiga simu: alikuwa amemwona mzee wa namna hiyo kwenye barabara ya kwenda Kitui, ameegemea ukuta wa duka.

Nimekisimulia kisa hiki mara kadha katika mihadhara yangu ya isimu, wala si kwa nia ya kumkejeli binti yule. Yeye alitenda barabara kile tulichomfundisha sisi walimu. Alichukua orodha ya maneno ya Kiingereza ya kueleza sura na umbo, akachagua yaliyomfaa babu, akayapanga. Kosa ni la imani iliyotanda katika shule zetu kwamba kumweleza mtu ni kukusanya sifa, na kwamba sifa hizo zimo kitabuni tayari, zikingoja kunakiliwa. Nionavyo mimi, imani hiyo inamdhulumu mwanafunzi mara mbili: inamnyima Kiingereza kizuri, na papo hapo inampokonya jicho alilolelewa nalo.

Ushahidi niliupata baadaye nilipozuru shule moja ya upili viungani mwa mji huo huo, kumkagua mwanafunzi wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa la Kiingereza. Ubaoni palikuwa na safu tatu zilizoandikwa kwa hati ya kupendeza: safu ya maumbo, safu ya mikao na safu ya miendo. Maneno yalikaribia arobaini, na mkabala wa kila neno la Kiingereza palikuwa na neno moja la Kiswahili. Mwalimu yule kijana alikuwa amejiandaa. Hilo sina budi kulisema. Nilimwomba awape wanafunzi dakika kumi wamweleze mama aliyekuwa akiuza maembe nje ya ua wa shule, ambaye tulimwona vizuri kupitia madirishani.

Katika madaftari niliyoyasoma, mama yule alikuwa na nywele nyeusi, macho ya kahawia, rangi nyeusi na kimo cha wastani. Wachache walimwita mrembo. Hakuna aliyeandika kwamba alikuwa ameketi chini, mguu mmoja ameunyoosha na mwingine ameukunja. Kwamba kila alipotaka kuinuka alishika magoti kwanza kwa viganja vyote viwili. Kwamba alipocheka na wateja wake alifunika kinywa kwa ncha ya leso. Yote hayo walikuwa wakiyaona. Tulipotoka nje, mvulana mmoja aliwaigizia wenzake jinsi mama yule anavyoinuka, na kwa usahihi mkubwa. Nilimwuliza kwa nini hakuliandika jambo hilo. "Mwalimu," alinijibu, "hilo halikuwa ubaoni."

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Tuanze na nywele na macho. Orodha nyingi za msamiati wa Kiingereza zimetungwa kwa ajili ya nchi ambako nywele za watu hutofautiana, kuanzia nyeusi hadi za rangi ya majani makavu, na macho huwa ya buluu, ya kijani au ya kahawia. Katika nchi kama hizo, ukitaja rangi ya nywele umemtenga mtu na wenziwe. Katika darasa la Machakos, ukisema mtu ana nywele nyeusi na macho ya kahawia hujasema lolote, kwani umewataja wote waliomo, pamoja na mwalimu. Neno la kueleza hupata thamani yake kutokana na tofauti linayoionyesha. Pasipo tofauti, neno ni pambo tu.

Mfano ulio bayana zaidi ni ule msemo unaopendwa mno na vijana wetu waandikapo insha za mapenzi: 'tall, dark and handsome'. Msemo huu ulizaliwa miongoni mwa Wazungu, na weusi unaotajwa humo ni wa nywele, au wa ngozi iliyokolea kidogo kuliko ya Wazungu wengine. Kijana wa Kathiani au Mwala anapoutumia kumsifu shujaa wa hadithi yake, hajui kwamba theluthi nzima ya sifa hiyo haina kazi. Ilhali Kiswahili kingempa maneno yanayobagua rangi zetu wenyewe: mweusi tititi, maji ya kunde, mweupe. Hata Kiingereza cha Kenya kimelazimika kujitafutia njia. Hapa kwetu mtu akiitwa 'brown' tunajua ni mwenye ngozi ya maji ya kunde, maana ambayo Mwingereza wa London asingeielewa mara moja.

Jambo la pili ni uzito wa maneno. Orodha ya ubaoni iliweka 'slim', 'thin' na 'skinny' mkabala wa neno moja, yaani mwembamba. Kwa Mwingereza maneno haya matatu hayalingani abadani. La kwanza ni sifa. La pili halisifu wala halitukani, ingawa linaweza kuashiria ugonjwa. La tatu ni kejeli. Mwanafunzi anayemwandikia mgeni wa shule kwamba ni 'skinny' akidhani amemsifu, amemtusi pasipo kujua.

Na uzito huo hubadilika kwa mahali na kwa wakati. Katika miaka ya 1980, ugonjwa wa Ukimwi ulipoanza kuwamaliza watu kusini mwa Uganda, wenyeji waliuita 'Slim', na jina hilo likaingia katika maandishi ya kitabibu mwaka 1985, madaktari walipoueleza ugonjwa huo katika jarida la Lancet la Uingereza. Neno ambalo huko Ulaya lilitumiwa kuuzia nguo na vyakula vya kupunguza unene, huku kwetu likawa jina la kifo. Waliokuwa watu wazima miaka hiyo wanakumbuka jinsi salamu ya "Mbona umekonda?" ilivyokuwa na hofu ndani yake, na jinsi "Umenenepa!" ilivyokuwa dua njema. Leo binti wa chuo kikuu akiambiwa na shangazi yake kwamba amenenepa hununa siku nzima. Shangazi anasema kwa Kiswahili cha miaka yake, mpwa anasikia kwa Kiingereza cha magazeti ya mitindo. Mwalimu anayefundisha neno pasipo kufundisha nani humwambia nani, na kwa moyo gani, amefundisha nusu ya neno.

Neno 'fit' nalo lina kisa chake. Vijana wamekwisha kulifanya la kwao. "Niko fiti" ni jibu la salamu toka Mombasa hadi Kisumu. Lakini asili ya neno hilo katika Kiingereza ni kufaa. Mwili ulio 'fit' ni mwili unaofaa kwa kazi fulani, na katika Kiingereza cha vijana wa Uingereza neno hilo limekuja kuwa na maana ya mtu mwenye sura na umbo la kuvutia. Kiswahili hugawanya eneo hilo kwa njia yake. Tuna siha, ambayo iko jirani na afya. Tuna ukakamavu, uliotokana na kukakamaa, yaani kuwa mgumu usiokunjika kwa urahisi. Tuna wepesi. Tunasema mkimbiaji "ana pumzi" na mchukuzi wa magunia "ana nguvu", na twajua kwamba mmoja hawezi kufanya kazi ya mwingine. Mwanafunzi akiulizwa "anafaa kwa kazi gani?" kabla ya kuandika 'fit', atakuwa ameingia ndani ya neno lenyewe.

Hata hivyo, msamiati si kiini cha tatizo. Kiini ni sarufi, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo.

Vivumishi halisi vya Kiswahili, vile vinavyochukua viambishi vya ngeli kama -refu, -fupi, -nene na -embamba, ni vichache. Baadhi ya wageni waliokuja kujifunza lugha yetu waliona uchache huo wakadhani ni umaskini. Walikuwa wakitafuta mahali pasipo penyewe. Kiswahili hakikuuweka mwili wa binadamu katika vivumishi; kiliuweka katika vitenzi. Hatusemi tu mtu ni mwembamba, twasema amekonda. Twasema amenawiri, amepauka, amezeeka, amechakaa. Anayesema "amekonda" amekwisha kutujulisha kwamba kuna siku mtu huyo hakuwa hivyo, na sikio la msikilizaji huanza kuuliza kilichompata. Kitenzi hubeba historia ya mwili, ambayo kivumishi cha Kiingereza huiacha nje.

Mikao nayo iko vivyo hivyo. Twasema "Mwalimu amesimama mlangoni", tukitumia -me-, kwa sababu tendo la kusimama limekwisha na hali yake imebaki. Tukisema "anasimama", twamaanisha kwamba ndiyo kwanza anainuka kitini. Kiingereza hufanya kinyume: hali hiyo iliyobaki huelezwa kwa umbo la tendo linaloendelea, 'is standing'. Hapo ndipo mwanafunzi wetu anapoandika 'The teacher has stood at the door', mwalimu akapiga mstari mwekundu, na mwanafunzi asiambiwe kwa nini. Na ndipo pia mtafsiri mvivu anapotuletea magazetini waziri ambaye "anasimama" kando ya rais katika picha, kana kwamba picha ile ina springi. Kosa ni moja, na somo la dakika tano lingelitibu: ameketi, amelala, ameinama, ameegemea, amechutama, mikao yote kwa -me-.

Wala si ajabu kwamba maneno hayo yanafanana mwishoni. Simama, inama, chutama, egama, tuama: silabi ile ya -ama ni kiambishi cha kale cha lugha za Kibantu, Kikamba kikiwemo, ambacho kazi yake ni kuonyesha mkao, yaani kitu kuwa katika hali fulani na kutulia humo. Wahenga wetu waliutengea mkao wa mwili chumba chake katika sarufi. Na chumba hicho kina milango mingi. Kutoka inama twapata inamia, kupinda mgongo juu ya kitu, kama mama anavyoinamia mtoto. Twapata pia jiinamia, kuukunja mwili kwa huzuni au mawazo. Kwa Kiingereza utahitaji misemo mitatu tofauti kwa mambo hayo matatu. Huku shina ni moja, na msikilizaji anaona jinsi mikao hiyo ilivyo ndugu.

Sasa tuje kwenye miendo. Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1985, alionyesha kwamba lugha za ulimwengu hutofautiana katika kile zinachokipachika ndani ya kitenzi cha mwendo. Kiingereza hupenda kupachika namna ya kwenda, kisha huonyesha njia kwa kijineno kinachofuata: 'He limped into the room'. Lugha nyingine hupachika njia ndani ya kitenzi, na namna ikafuata nyuma. Kiswahili kimeegemea upande huu wa pili: ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita. Kwa hiyo sentensi ile kwetu ni "Aliingia chumbani akichechemea". Njia kwanza, namna baadaye.

Tazama sasa yanayompata mwanafunzi. Akitafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza, ataandika "Alichechemea ndani ya chumba", na sisi tutamwona mtu aliyekuwa chumbani tangu hapo, akizunguka humo kwa kuchechemea. Akienda kinyume, kutoka Kiswahili hadi Kiingereza, ataandika kwamba mtu 'entered the room while limping'. Sarufi ni sahihi, lakini sentensi ina harufu ya ripoti ya polisi, na mtahini atahisi ugumu wake bila kujua ulikotoka. Ukimpa mwanafunzi huyu maneno mia ya miendo hutakuwa umemsaidia, maadam hajaonyeshwa mahali pa kuyaweka. Akiisha kuonyeshwa, maneno yaleyale yanageuka kuwa rahisi: aliondoka akipepesuka, alivuka ua akinyata, alipanda kilima akijikokota. Kila moja lina mwenzake wa Kiingereza, ila kila moja limebadilishana nafasi na jirani yake.

Nimesema Kiingereza kina utajiri wa vitenzi vya namna ya kwenda, na huo ni ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba Kiswahili kina mambo ambayo Kiingereza huyapigia miayo. Kushika tama, mkao wa mtu aliyeweka shavu kiganjani kwa simanzi, hauna neno moja la Kiingereza. Kusimama dede, hatua ile ya mtoto anayejaribu kusimama kabla miguu haijakubali, pia halina. Kuchuchumia, kusimama kwa ncha za vidole ili kufikia kilicho juu, kunahitaji maelezo marefu. Mwanya, ambao kwetu ni uzuri unaotajwa katika sifa za bibi harusi, kwa daktari wa meno wa Ulaya ni dosari ya kurekebishwa. Mtu wa miraba minne, pandikizi la mtu, kimbaumbau: nani aliye na jicho asiyewaona hao wamesimama mbele yake? Mwanafunzi atakayekuwa na akiba hii hatababaika mbele ya orodha ya Kiingereza. Atauliza: jambo hili nililoliona, Waingereza hulisemaje? Hilo ndilo swali la mwenye lugha mbili. Swali la mtumwa wa orodha ni: neno hili nitalibandika kwa nani?

Hapana budi kutoa tahadhari moja. Kueleza mwili kumepakana na kudhihaki. Kiswahili kiliwahi kuwatia watu wengi katika ngeli ya ki-, pamoja na vyombo na vitu: kilema, kiwete, kibiongo, kibogoyo. Jina kama hilo humfunika mtu mzima kwa kiungo chake kimoja. Kitenzi ni cha heshima zaidi. Ukisema "anachechemea" umeeleza anavyokwenda, na yeye mwenyewe amebaki kuwa mtu. Nyanya yule hakumwita mumewe kwa jina lolote la ulemavu. Alisema anavyotembea, na kila neno lake lilikuwa la mke aliyemtazama mumewe kwa muda wa miaka hamsini.

Mwalimu wa Machakos hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano ya kufundishia. Eneo hili limetoa wakimbiaji ambao miili yao ilitazamwa na dunia nzima. Cosmas Ndeti alishinda mbio za marathoni za Boston mara tatu mfululizo, mwaka 1993, 1994 na 1995. Muda wake wa mwaka 1994, saa 2 dakika 7 na sekunde 15, ulidumu kama rekodi ya mbio hizo hadi mwaka 2006, ulipopunguzwa kwa sekunde moja tu na Mkenya mwenziwe Robert Cheruiyot. Patrick Makau, mzaliwa wa upande wa Tala, aliweka rekodi ya dunia mjini Berlin mwezi Septemba 2011 kwa saa 2 dakika 3 na sekunde 38. Katika mbio hizo, karibu na kilomita ya 27, Makau alifanya jambo lililowashangaza watazamaji: aliacha mstari ulionyooka akaanza kwenda upogoupogo, kushoto kisha kulia, kulia kisha kushoto, ili amtikise Haile Gebrselassie wa Ethiopia, mwenye rekodi ya zamani, aliyekuwa amemganda nyuma. Kisha akachomoka. Haile hakumfikia tena.

Mpe mwanafunzi tukio hilo alieleze. Orodha itamwambia aandike kwamba Makau ni mwembamba, mwepesi na mwenye nguvu, na maneno hayo yangewafaa wakimbiaji wote waliokuwa barabarani siku hiyo. Aliyetazama ataandika kwamba alimganda, akaenda upogoupogo, akamtikisa, akachomoka. Vitenzi vinne, na mbio zote zimo ndani. Akiisha kuviandika kwa Kiswahili, aviandike kwa Kiingereza. Hapo atalihitaji neno 'zigzag' kwa dhati, na neno lililohitajiwa halisahauliki.

Mfano mwingine uko Wamunyu, kwenye barabara ileile ya kwenda Kitui. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika, akaona uchongaji wa huko, naye aliporejea akaanzisha kazi ambayo imewalisha Wakamba wengi tangu siku hizo. Mchongaji hana kivumishi mkononi. Hawezi kuchonga "mzee" hivihivi. Ni lazima aamue mgongo umepinda wapi, uzito umeegemea mguu upi, kichwa kimeelekea wapi. Kwa hiyo anasoma mwili kama nyanya yule alivyousoma. Lakini Wamunyu inatufunza na upande wa pili. Watalii walipotaka Mmaasai mwenye mkuki na twiga mwenye shingo ndefu, vinyago hivyo vilichongwa kwa maelfu, kila kimoja kikifanana na mwenziwe, mpaka mkono ukawa unachonga jicho likiwa limelala. Kinyago cha elfu na insha yenye 'tall, dark and handsome' ni ndugu wa tumbo moja. Vyote viwili vimetengenezwa kwa ajili ya mnunuzi, na mwenye kuvitengeneza hakumtazama mtu yeyote.

Najua walimu watanijibu nini, kwa kuwa nami nilianza kazi katika darasa la shule ya upili. Watasema: Daktari, darasa langu lina wanafunzi sitini, mtihani uko karibu, na mtahini hutoa alama kwa msamiati. Ni kweli. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023 na mtaala wa umilisi umeshika nafasi yake, lakini mtaala mpya haukupunguza idadi ya wanafunzi wala haukuongeza saa katika siku. Wala sisemi orodha zitupwe. Hakuna anayejifunza lugha ya kigeni pasipo kukariri. Ninachosema ni kwamba orodha ije mwisho, baada ya jicho, si mwanzo badala ya jicho.

Hilo haligharimu shilingi. Kwanza, mwalimu awatake wanafunzi wamtazame mtu mmoja kwa dakika tatu na kuandika, kwa lugha yoyote waitakayo, mambo matatu ambayo yangemtofautisha mtu huyo na watu mia wengine. Pili, wayaweke katika sentensi za Kiswahili, vitenzi vikitangulia. Tatu, watafute Kiingereza chake, na mwalimu aeleze pale ambapo lugha hizo mbili zinabadilishana nafasi za maneno. Walimu wa Kiswahili na wa Kiingereza, ambao katika shule nyingi hukutana wakati wa chai tu, wangeweza kulifundisha somo hili kwa pamoja, kwani makosa ya mwanafunzi katika lugha moja chimbuko lake huwa katika nyingine.

Na kwenu wanafunzi: leo mkirudi nyumbani, mtazameni mtu mmoja mnayempenda jinsi anavyoinuka kitini, anavyoshika kikombe, anavyopanda ngazi. Yaandikeni mliyoyaona. Msichana yule wa tangazo sasa yuko chuoni akisomea ualimu. Babu yake aliishi mwaka mmoja zaidi baada ya kupatikana, na katika mwaka huo, aliniambia, alijaza daftari zima juu ya mwendo wake.